Koki ya Ganzi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Bisbisi. Mkewe alimwita Fundi tu, hata chumbani, hata wakiwa wamenuniana, kana kwamba alikuja siku moja kuziba bomba akasahau kuondoka. Na ukweli haukuwa mbali na hapo. Alikuja nyumbani kwa baba yake binti kutengeneza choo, akarudi kukikagua, akarudi tena kukagua ule ukaguzi, mpaka baba mtu akasema, "Choo hiki kizima. Mgonjwa ni fundi." Wakaozwa kabla choo hakijaharibika upya.

Jina la Bisbisi lilitokana na kazi. Mafundi wengine wakiitwa kwenye ukuta unaovuja hubomoa kwanza, kufikiri baadaye. Yeye hakuanza na nyundo. Alitoa bisbisi ndefu yenye mpini wa mbao, ncha akaiegemeza kwenye bomba, mpini akautia sikioni, akafumba macho na kuinua kidole kimoja juu. Kidole kikishapanda, kila aliyekuwa karibu alijua wajibu wake. Redio ilizimwa. Aliyekuwa akisonga aliacha mwiko ndani ya sufuria. Mwenye kikohozi alitoka nje akamalizane nacho huko. Kisha Fundi alifumbua macho, akachora msalaba ukutani kwa penseli na kusema, "Hapa." Wakibomoa hapo, wanakuta tone linawasubiri kama mgeni aliyetoa taarifa.

Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, aliijua nguvu ya kidole kile kuliko mtu yeyote. Ndoa ilipokuwa bado changa, alimsindikiza Fundi nyumbani kwa mwalimu mkuu mmoja. Kidole kikiwa juu, akamwona mwalimu mkuu amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, anaogopa kuushusha wa pili asije akapiga kelele. Kicheko kikamponyoka. Fundi akapoteza sauti aliyokuwa akiifuata, akachora msalaba mahali sipo, na ukuta wenye vigae vipya ukabomolewa bure. Hakumgombeza mkewe. Laiti angemgombeza! Alirudi nyumbani akala, akashukuru kwa chakula, akalala amegeukia ukuta, na akaendelea hivyo wiki nzima. Tangu siku hiyo, kidole kikipanda, wa kwanza kubana pumzi alikuwa yeye.

Basi ikatokea kwamba Fundi, akiwa na mvi kichwani na wajukuu mlangoni, alianza kusikia kitu tumboni. Akilala chali baada ya chakula, mkono aliouweka juu ya kitovu ulikuwa ukicheza wenyewe. Jioni moja akaenda kuchukua bisbisi kwenye mfuko wa kazi. Akaikita ncha karibu na kitovu, akajipinda mpaka sikio likafika kwenye mpini, na kidole kikapanda. Mkewe akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Kuna bomba humu linagonga," akasema Fundi. "Limetanuka."

"Gesi hiyo," akadakia wifi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mjane, aliyeishi nyumba ya jirani na kuja kila jioni kuonja chakula cha wifi yake ili apate cha kulalamikia. "Wifi, unamlisha ndugu yangu maharage hayajaiva, halafu unashangaa anageuka ngoma."

"Yangekuwa hayajaiva usingeomba nyongeza, wifi."

"Naomba nyongeza nihakikishe."

Walicheka, Fundi hakucheka. Kesho yake alikwenda hospitali, wakampaka mafuta ya baridi tumboni, wakampitishia kifaa cha kupiga picha za ndani. Daktari wa upasuaji akamwonyesha kivuli kwenye kioo: mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka kwenye moyo na kushuka tumboni, ulikuwa umevimba kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Sigara za miaka yote ile, na presha aliyokuwa akiipuuza. Ukipasuka, daktari alisema, hata gari la wagonjwa halitakuwa na kazi. Dawa yake ni kupasua tumbo, kukata sehemu iliyovimba na kushona mahali pake mrija wa kitambaa maalumu.

Habari zikaenea mtaani kwamba Fundi Bisbisi kajipima mwenyewe na kapatia. Watu walisema mganga hajigangi, lakini huyu kajiganga. Mkewe aliyasikia hayo sokoni akaona fahari, na hofu ikiwa imekaa juu ya fahari hiyo kama paka juu ya mto. Sikio la Fundi halijawahi kukosea. Hilo ndilo alilolijua maishani kwa uhakika, na ndilo lililokuja kumponza.

Kabla ya kusaini fomu ya kukubali upasuaji, Fundi alimuuliza daktari wa upasuaji maswali ya kifundi. "Mnaunga kwa gundi au uzi?"

"Uzi, mzee."

"Na kiungio mnakipima kwa presha kabla ya kuziba ukuta?"

Daktari akacheka, akampigapiga begani. "Moyo wako ndio utakaopima, mzee wangu."

Ulikuwa mzaha wa mtu mwenye wagonjwa wengi nje. Lakini Fundi aliondoka nao kama jibu. Njiani akamwambia mkewe, "Fundi akiulizwa presha akacheka, ujue hajapima."

"Huyo amesoma, Fundi."

"Hata mimi nimewahi kufanya kazi na waliosoma. Ndio wanaoniita nikawatafutie maji."

Aliyewapa muda alikuwa daktari wa usingizi, dada mmoja mfupi mwenye viatu vya mpira, mwenye kusema haraka kama anayewahi basi, ila ukimuuliza anarudi nyuma kukuchukua. Aliwakalisha wote watatu, kwa kuwa wifi alikuwa amejialika.

"Mzee, nitakulaza usingizi wa kazi. Kabla sijakuamsha, nitakuwekea mirija miwili myembamba kama tambi, mmoja kila upande wa tumbo, katikati ya matabaka ya misuli. Hapo ndipo inapopita mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari za kidonda kichwani. Dawa ya ganzi itadondoka hapo polepole, mchana na usiku. Ukuta wa tumbo utalala."

"Na ndani?" akauliza Fundi.

"Ndani utasikia kidogo, kama mtu anayesogeza meza chumba cha pili. Hiyo tutaituliza kwa dawa nyingine, chache tu, zisikulevye."

"Si mngemchoma ya mgongo, kama wanaojifungua?" akasema wifi. "Au hiyo ni ya wenye bahati?"

"Ya mgongo ni nzuri, mama. Lakini mzee atapewa dawa za kuzuia damu isigande, na sindano ya mgongo na dawa hizo hazielewani. Kwake hii ni salama zaidi." Kisha akamgeukia mke wa Fundi, akaushika mkono wake kabisa. "Mama, nisikilize wewe. Mumeo ana mapafu ya mvutaji. Tumbo likimuuma hatavuta pumzi mpaka chini, na hatakohoa. Asipokohoa, makohozi yatatuama kama tope kwenye tangi, yaoze. Kwa wagonjwa kama yeye, mara nyingi kinachotutoa jasho si mshipa, ni kifua. Ndiyo sababu ya hii ganzi yote. Kushona ni kazi yetu. Kukohoa ni kazi yenu wawili."

Mke wa Fundi akaitika. Alielewa kila neno. Baadaye hakuwahi kujidanganya kwamba hakuelewa.

Upasuaji ulikwenda salama. Walimweka kwanza chumba cha uangalizi maalumu, kisha wakamhamishia wodini, kitanda cha dirishani. Juu ya nguzo ya kitanda kilining'inia kichupa laini chenye puto la dawa ndani yake, kubwa kama chungwa. Hakikuwa na waya wa umeme, hakikulia, hakikuwaka taa. Puto lenyewe lilikuwa likinywea taratibu na kusukuma dawa kwenye mrija, mrija ukashuka chini ya shuka, ukagawanyika mara mbili na kuingia mbavuni mwa Fundi. Kabla ya kugawanyika, palikuwa na kibanio kidogo cheupe cha plastiki.

Nesi alipita na kipande cha barafu kwenye pamba. "Hapa baridi, baba?"

"Naona unanigusa. Baridi siioni."

"Safi sana."

Na ilikuwa safi kweli. Mtaalamu wa mazoezi akaja, akamkumbatisha Fundi mto tumboni, akamwambia akohoe. Fundi akakohoa kikohozi cha mwanamume, kitanda kikatikisika, mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Aisee, huyu kapasuliwa au kapasua?" Akasimamishwa, akatembea mpaka dirishani, akasimama hapo akitazama bomba la maji ya mvua la jengo la pili, lililofungwa vibaya. Mkewe akatabasamu. Mtu anayeona kasoro za wenzake amepona huyo.

Alasiri ikaja na wifi, na wifi akaja na mdomo wake. "Wenzio wakipasuliwa hulia wakaita mama zao waliokwisha kufa. Wewe umekaa kama bwana harusi unangoja keki!"

"Ndiyo shida yenyewe, dada. Sisikii kitu."

"Kuna mtu analalamika haumwi? Wifi, huyu mwambie wamrudishie maumivu yake, kayasahau chumba cha upasuaji."

"Ukuta ukiwa kimya na bomba bovu, na ukuta ukiwa kimya na bomba zima," akasema Fundi polepole, "ni ukuta ule ule mmoja."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema wifi, akaaga huku akicheka, nao wakacheka, Fundi akiwa ameukumbatia mto wake. Ulikuwa utani wa dada na mdogo wake. Wifi angetoa kila alichonacho, baadaye, aurudishe mdomoni.

Walipobaki wawili, Fundi aliacha kucheka. "Mama watoto, wale walinifunga bila kupima."

"Walisema mshipa uko sawa."

"Walisema. Wamepima lini? Nimelala na kiungio kipya tumboni, damu inapita kwa presha, na masikio yangu wameyazima. Kikianza kuvuja nitajuaje? Nitajua nikishakufa? Maisha yangu yote sijawahi kupiga plasta juu ya bomba nisilolisikiliza. Leo nipigiwe mimi mwenyewe?"

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mkewe aliona kwamba hakuwa anabishana; alikuwa anaogopa. Mtu huyu alikuwa ameingia kwenye matangi marefu, alikuwa ameinama chini ya majumba yanayotaka kuanguka, na woga wake mkewe alikuwa hajauona hata siku moja. Sasa aliuona, na hakujua pa kuuweka.

Mkono wa Fundi uliingia chini ya shuka, ukafuata mrija taratibu, kama alivyofuata mabomba gizani, ukafika kwenye kibanio.

"Fundi, usije—"

Kidole kikapanda.

Akabana pumzi. Miaka yote ile ya ndoa ikambania. Kibanio kikalia, sauti ndogo kuliko ya kifungo cha shati, na dawa ikasimama.

"Nikishasikia nitafungua mwenyewe," Fundi akanong'ona. "Usimwambie mtu. Wakijua watakifunga kwa plasta nisikifikie tena."

Hakuna kilichotokea. Ganzi haiondoki kama mtu aliyefukuzwa. Huaga mlango kwa mlango. Kengele ya kuwatoa wageni ilipolia Fundi alikuwa bado ametulia, anasikiliza. Mkewe akaenda nyumbani akijiambia kwamba labda atakifungua kabla ya chakula cha jioni, labda nesi atakiona, labda Fundi ana haki, kwani ni nani aliyegundua ugonjwa huu kwanza? Nyumbani walisema gesi.

Asubuhi alimkuta ameishiwa rangi. Midomo ilikuwa mikavu, na alipumua pumzi fupi fupi za juu juu, kama mtu anayepuliza chai ya moto asiyotaka kuinywa. Nesi alisema maumivu yamempanda ghafla. Mirija wakati mwingine huhama mahali pake. Daktari wa zamu alimwongezea sindano kali, ndiyo maana amelewa. Daktari wa usingizi yuko chumba cha upasuaji, kuna dharura, akitoka atapita.

"Hajafika mtu akatazama?" akauliza mke wa Fundi.

"Mama, tuko wawili kwa wodi nzima," akasema nesi, wala hakuwa na hasira, akaenda kwenye kitanda kilichokuwa kikimwita.

Mtaalamu wa mazoezi akaja na mto. "Haya mzee, kama jana."

Fundi akasema "khm", kama mjumbe anayeomba kuzungumza mkutanoni. Hicho ndicho kilichokuwa kikohozi chake.

"Zaidi mzee."

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamesimama kwenye pembe za macho, hayadondoki, kwa sababu hata kulia kunahitaji tumbo.

Walipoachwa, mkewe aliinama. "Umesikia nini?"

"Bado."

"Fundi, nikifungue?"

"Bado, nimesema. Kuna kelele."

Akafumba macho, ile sindano ikambeba. Mkewe akaingiza mkono chini ya shuka. Akaupata mrija, akaufuata kwa vidole vya mtu wa uzi na sindano, akakipata kibanio. Kilikuwa kitu cha kitoto. Kukifungua kulitaka nguvu ndogo kuliko kung'oa mshono. Wakati huo huo Fundi akafumbua macho, akamtazama. Hakukasirika. Alimtazama kama alivyomtazama siku ile ya ukuta wa vigae, kwa ule upole wa mtu ambaye ameshakuhukumu na hana haja ya kukuambia. Mke wa Fundi akautoa mkono mtupu. Akasema anakwenda kununua maji, akatoka, akasimama kwenye korido bila kununua chochote.

Unaweza kumuita mjinga. Wapo waliomuita hivyo kwa mambo madogo zaidi ya hayo. Lakini mtu akifundishwa kwa muda mrefu kwamba sauti yake inabomoa nyumba, hata nyumba ikiungua atapita akinyatia.

Mchana homa ikaja. Nesi akaandika, daktari wa zamu akasikiliza kifua, akakunja uso, akaagiza dawa na barakoa ya hewa. Wifi akafika, akaanza, "Wewe bwana harusi—" akaona sura ya mdogo wake, sentensi ikamfia mdomoni. Akakaa. Mara ya kwanza mke wa Fundi kumwona wifi amekaa mahali hasemi. "Wifi, kulikoni?"

"Homa."

"Homa ya nini?"

"Sijui, wifi."

Neno hilo lilitoka laini kabisa. Ndilo lililomtisha. Alikuwa amezoea kunyamaza. Kusema uongo kulikuwa jambo jipya, na uongo ulimtoka kama kitu alichokuwa amekifanyia mazoezi.

Kesho yake asubuhi daktari wa usingizi aliingia wodini karibu mbio, bado amevaa kofia ya chumba cha upasuaji, macho mekundu. Akaomba barafu. Akagusa ubavu wa Fundi, na Fundi akaruka, akatoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. Daktari akaiweka barafu chini. Akainua macho taratibu kwenye kile kichupa cha nguzoni.

"Mbona puto limejaa hivi?"

Fundi, ndani ya barakoa, akageuza macho kwa mkewe. Mkono wake ukasogea juu ya shuka, kidole kikaanza kunyanyuka.

"Kimefungwa," akasema mkewe.

"Nini kimefungwa, mama?"

"Kibanio. Chini ya shuka. Kakifunga mwenyewe juzi alasiri. Alitaka kusikiliza kama kiungio kinavuja. Mimi nilikuwepo."

"Juzi?" Daktari alirudia neno hilo kama mtu anayeonja maziwa na kukuta yameharibika. Hakumgombeza mtu. Pengine lilikuwa jambo kubwa kuliko maneno aliyokuwa nayo, pengine alikuwa mtu mwema tu. Akafunua shuka, akafungua kibanio, akaagiza kile kifaa cha kupiga picha. Akaitafuta mirija kwenye kioo, akaona iko pale pale alipoiacha, haikuhama hata kidogo. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akaisukuma polepole, ubavu mmoja, kisha mwingine.

Haikuchukua muda mrefu. Uso wa Fundi ulianza kukunjuka, kuanzia paji la uso kushuka chini. Mabega yakateremka kutoka masikioni. Akavuta pumzi moja ndefu, ya kwanza, na ndani yake mkewe akasikia kitu kikichemka, kama sufuria ya uji mzito.

"Umesema," akamwambia mkewe.

"Nimesema."

Akatazama kile kichupa cha nguzoni. Kisha, "Sikusikia kitu, mama watoto. Ukuta wote ulikuwa unapiga mayowe. Bomba ningelisikia wapi?"

Mkewe akachukua mto, akaukandamiza juu ya tumbo lake kwa mikono miwili. "Kohoa, Fundi."

Akakohoa. Safari hii kilikuwa kikohozi kweli, na kilichotoka kilikuwa kijani na kizito. "Tena." Akakohoa tena. Mkewe alikuwa anapaza sauti, wodi nzima inamtazama, na hakujali. "Tena, Fundi! Tena! Usininyamazie sasa hivi!" Fundi alijikaza kisabuni, akakohoa mpaka macho yakamtoka, kisha akakosa nguvu. Haikuwa maumivu tena. Ganzi ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa. Ni kwamba aliyekuwa anafanyiwa kazi hiyo alikuwa ameshachoka.

Picha ya kifua ilionyesha weupe mahali panapotakiwa kuwa peusi, pande zote mbili. Alasiri walimrudisha chumba cha uangalizi maalumu. Daktari wa usingizi akamweleza kwamba watamlaza tena, mashine impumulie, mapafu yapate nafasi. Fundi akaitika kwa kichwa. Alimtafuta mkewe kwa macho, akamwona, na kama kulikuwa na neno, mrija wa hewa ulifika kabla yake.

Kwa siku zilizofuata, mkewe aliruhusiwa kuingia kwa muda mfupi mfupi, amevaa kanzu ya karatasi na barakoa ya kamba. Siku moja daktari wa upasuaji alipita na wenzake, akatazama picha mpya za tumbo. Alipomwona mama yule amesimama, akaona amwambie jambo la kumfariji. "Mshipa wake umekaa vizuri sana, mama. Kiungio kizima. Hakuna hata tone."

Walipoondoka, mkewe alisogea kichwani. Akaondoa kamba ya barakoa aliyoivaa, akaweka mdomo karibu na sikio la mumewe, lile la kulia, la kazi. "Hakivuji, Fundi," akasema. "Wamepima. Hakivuji." Mashine ikaendelea kumpumulia, juu, chini, juu, chini. Akamwambia tena, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka nesi akamgusa begani.

Alikufa Jumapili mchana, saa ya kuona wagonjwa, mkewe akiwa amepanga foleni ya kunawa mikono.

Wifi alimkuta kwenye benchi la korido. Walilia kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha wifi akajifuta uso akauliza, "Wamesema mapafu. Mbona alikohoa vizuri siku ile? Mimi nilimwacha anakohoa kama trekta."

Mke wa Fundi akamwambia. Hakuacha kitu: kibanio, kidole, mkono chini ya shuka, maji ambayo hakuyanunua. Wifi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe siku zote hizo ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Kwenye kiti."

Wifi akainuka. Akatembea mpaka mwisho wa korido, akasimama ametazama ukuta kwa muda, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akarudi, akauchukua mfuko wa nguo za marehemu kutoka mapajani mwa wifi yake, akasema, "Twende."

Msibani watu walijaa. Kila aliyewahi kuvujiwa alikuwa na kisa chake cha Fundi na bisbisi, na vingine vilichekesha, wakacheka kwa aibu, wakafuta macho. Mwalimu mkuu, sasa mzee wa mkongojo, alikuja. Akina mama walioketi mkekani wakauliza, kama watu wanavyouliza, ilikuwaje, maana walisikia upasuaji ulifaulu.

"Mapafu," akajibu wifi upesi. "Sigara zile. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Sio sigara peke yake," mke wa Fundi akaanza. "Kulikuwa na—"

Chini ya mtandio, wifi akamfinya paja kwa nguvu, kucha zikazama.

"Mapafu," wifi akarudia, akiwatazama wote mmoja mmoja. Akina mama wakatikisa vichwa, wakasema poleni sana, na mmoja akaomba apishwe akachukue chai.